Nani Anakuchagulia Nyanya?

Leo nataka tuzungumze juu ya kununua chakula kwa njia ya mtandao, na nitaanza na kiroba cha unga kilichoninyima raha kwa siku kadhaa.

Mama yangu mkubwa anaishi Magomeni, hapa hapa Dar es Salaam. Umri wake umekwisha pita miaka 80, mguu wa kushoto haumtii tena, na kwa muda mrefu sasa anaugua kisukari. Mwanawe wa pekee anafanya kazi Muscat, kule Oman. Ni kijana mwema, hamsahau mama yake. Siku moja alinipigia simu, sauti yake ikiwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu. Akasema, "Kaka, sasa huna haja tena ya kuhangaika na daladala kumpelekea mama chakula. Nimepata duka kubwa hapo mjini. Naagiza kwa mtandao, nalipia huku huku, wao wanapeleka hadi mlangoni."

Nilikuwapo siku mzigo ulipofika. Kijana wa bodaboda alipiga simu mara tano. "Bibi, niko kwenye transfoma." Mama Mkubwa akamjibu kwamba kwake hakuna transfoma, kwake kuna mwarobaini. Kijana akasema ramani ya kwenye simu inamwonyesha amekwisha fika. Mwishowe nilitoka kwenda kumtafuta, nikamkuta mtaa wa tatu akifuta jasho. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia mama, akatua mzigo, akaupiga picha ukiwa mlangoni, akaenda zake.

Tukafungua. Uliagizwa unga wa dona kilo 10, tukakuta sembe nyeupe pe. Uliagizwa mtindi usiotiwa sukari, tukakuta maziwa ya rangi ya waridi yenye ladha ya matunda na sukari tele. Nyanya zilikuwa zimelazwa chini ya chupa za mafuta, na nusu yake zilikuwa zimekuwa mchuzi kabla ya kufika jikoni. Mayai yalikuwa salama, na vitunguu saumu, nisiseme uongo, vilikuwa vizuri sana. Katika risiti, mbele ya kila kilichobadilishwa, palikuwa na neno moja tu: mbadala.

Mama Mkubwa aliishika ile pakiti ya maziwa, akaitazama mbele na nyuma, akaiweka chini taratibu. Akasema, "Mwanangu, aliyenichagulia vitu hivi hanijui."

Nikapiga simu dukani. Ikapokea mashine. Bonyeza moja, bonyeza mbili, subiri, huku muziki ukiniimbia sikioni. Baada ya muda mrefu akaja binti, akanisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Samahani mzee, malalamiko tunapokea kutoka kwa mwenye akaunti tu." Mwenye akaunti yuko Muscat. Basi yule aliyekiona chakula hakuwa na haki ya kulalamika, na yule mwenye haki ya kulalamika hakukiona chakula. Ndugu yangu aliandika barua zake kwa mtandao, na baada ya siku nne wakamrudishia sehemu ya fedha. Lakini hawakumrudishia kama fedha. Walimwekea salio la kununulia tena katika duka lile lile, tena kabla ya siku 30 kwisha.

Jina la duka nalihifadhi. Nia yangu si kumchafulia mtu biashara, na nadhani wengi wenu mnaonisikiliza mnayo ya kwenu ya namna hiyo. Kilichonikaa moyoni ni yale maneno ya Mama Mkubwa. Yalinifanya nirudi nyuma katika historia nikauliza swali dogo: tangu lini chakula chetu kinachaguliwa na mtu asiyetujua? Na nilipolifuatilia nikaona kwamba tatizo hili halikuletwa na mtandao. Ni la zamani kuliko kompyuta, na limezunguka dunia nzima kabla ya kutufikia Magomeni.

Tuanzie kwetu. Katika karne ya 19 alitoka Kutch, kule Bara Hindi, kijana aliyeitwa Allidina Visram, akashukia pwani yetu na kuanza kazi Bagamoyo. Kutoka hapo aliifuata njia ya misafara kwenda bara, akifungua duka baada ya duka. Reli ya Uganda ilipojengwa aliifuata nayo. Hadi anafariki mwaka 1916 maduka yake yalikuwa yametapakaa Kenya na Uganda, na mpaka leo shule moja mashuhuri ya Mombasa ina jina lake.

Katika duka la namna ile mteja hagusi kitu. Bidhaa ziko nyuma ya kaunta, mwenye duka yuko katikati, na wewe uko upande wa nje na sarafu zako. Unasema, nipe kibaba cha mchele, yeye anachota. Kwa maneno mengine, babu zetu nao walichaguliwa. Na malalamiko yalikuwapo. Kipimo kilipunjwa, mchele ulikuwa na mawe, sukari ilikuwa imepata unyevu ili izidi uzito. Wengi wetu tulitumwa dukani tungali wadogo, tukarudi na kitu kibovu, tukarudishwa tukakibadilishe huku tunalia. Lakini angalieni tofauti iliyopo. Aliyekuchotea mchele wenye mawe alikuwa na uso. Alikuwa na jina, kaunta yake haikuhama usiku, na mama yako angeweza kwenda kusimama mbele yake wakati wateja wengine wanasikia. Hiyo ilikuwa mahakama ya kwanza ya mnunuzi, na haikuhitaji kubonyeza moja wala mbili.

Basi katika mwaka huo huo wa 1916, mbali kabisa na Mombasa, likatokea jambo lililobadilisha ununuzi wa chakula duniani. Katika mji wa Memphis, jimbo la Tennessee nchini Marekani, mtu aitwaye Clarence Saunders alifungua duka akalipa jina la kuchekesha, Piggly Wiggly. Hadi siku zile Wamarekani nao walikuwa wakinunua chakula kwenye kaunta kama sisi. Saunders aliiondoa kaunta. Mteja aliingia kwa mlango mmoja, akapewa kikapu, akapita mwenyewe katikati ya makabati, kila kitu kikiwa na bei yake, akachukua anachotaka, akalipa wakati wa kutoka.

Watu waliona ni maajabu, na Saunders akaenea kama moto wa nyika. Siri yake ilikuwa nini? Hebu tuitazame vizuri, maana ndiyo ufunguo wa mazungumzo yetu. Katika duka la kaunta kulikuwa na kazi ya kutembea, kutazama, kuchagua, kushika na kubeba, na kazi hiyo ilifanywa na karani aliyelipwa mshahara. Saunders hakuifuta kazi ile. Aliihamishia kwa mteja, bure. Mteja akaikubali kwa moyo mweupe kwa sababu alipata mambo mawili: bei ilishuka, na macho yake mwenyewe yakawa ndiyo yanayochagua.

Mengine yote yalifuata njia hiyo. Mwaka 1930 Michael Cullen alifungua duka lake kubwa la King Kullen huko Queens, New York, na wengi wanalihesabu kuwa ndilo supamaketi ya kwanza. Mwaka 1937 Sylvan Goldman wa Oklahoma City aliwatengenezea wateja wake vigari vya kusukuma, ili wachukue vingi kuliko mikono inavyoweza kubeba. Wanaume waliviona vinawavunjia heshima, na wanawake walisema wamechoka kusukuma magari ya watoto, ikabidi Goldman alipe watu wavisukume dukani wakijifanya wateja. Hatimaye watu walizoea, na mteja akawa mpagazi wa duka bila kujua.

Lakini sikilizeni ajabu hii. Yule yule Saunders, baada ya kulipoteza Piggly Wiggly katika vita vya soko la hisa mwaka 1923, alirudi tena mwaka 1937 na duka jipya pale pale Memphis. Alilipa jina la Keedoozle. Humo bidhaa zilifungiwa nyuma ya vioo. Mteja alipewa kitu mfano wa ufunguo, akakichomeka kwenye tundu lililo mbele ya anachokitaka, na mashine huko nyuma ikakitoa kitu hicho na kukisafirisha juu ya mkanda unaotembea hadi kwa mlipishaji. Yaani mtu aliyempa mteja kazi ya kuchagua sasa aliichukua kazi ile akaipa mashine. Na nini kikatokea? Siku za wateja wengi mashine zilizidiwa. Ziliharibika, na mizigo ikachanganyika. Alijaribu tena na tena, na mwaka 1949 akafunga. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukipokea sembe badala ya dona usidhani wewe ni wa kwanza. Wananchi wa Memphis walikutangulia.

Sisi wa nchi hii, kwa upande wetu, tulizionja siku za kutochagua kwa namna nyingine. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, ya kuyafunga maduka ya watu binafsi vijijini ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika. Operesheni yenyewe haikudumu, lakini miaka ya mwanzo ya themanini bidhaa ziliadimika kabisa. Wenye umri wangu mnakumbuka foleni za sukari na sabuni, mtu anaamka alfajiri na kupanga jiwe lake mahali pa kusimama. Mnakumbuka unga wa njano tulioubatiza unga wa Yanga. Siku zile hukuuliza kilichopo ni kizuri au kibaya. Ulichukua unachopewa, ukashukuru, ukaenda. Nadhani ndiyo sababu watu wa rika letu neno "mbadala" linatuchoma zaidi kuliko linavyowachoma vijana. Tuliwahi kuishi na mbadala wa kila kitu.

Mwaka 1984 Serikali ilianza kulegeza kamba, ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na rafu za maduka zikaanza kupata rangi. Na mwezi Mei wa mwaka huo huo, katika mji wa Gateshead kaskazini mwa Uingereza, bibi mmoja mwenye umri wa miaka 72, Jane Snowball, aliketi katika kiti chake, akashika rimoti ya televisheni, akaagiza majarini, konfleki na mayai kutoka duka la Tesco. Televisheni yake ilikuwa imeunganishwa na waya wa simu kwa ufundi uliobuniwa na Mwingereza mwenzake, Michael Aldrich. Bibi Snowball anahesabiwa kuwa mtu wa kwanza kununua chakula kwa njia hii akiwa nyumbani kwake.

Nawaomba mkumbuke mambo mawili juu ya bibi huyu. Kwanza, mpango ule haukuanzishwa kwa ajili ya watu wenye haraka. Ulikuwa mpango wa halmashauri ya mji kuwasaidia wazee ambao kwenda dukani kulikuwa kunawashinda. Yaani ulibuniwa kwa ajili ya watu kama Mama Mkubwa hasa. Pili, tazameni alichoagiza. Majarini, konfleki, mayai. Pakiti ya konfleki ni ile ile leo na kesho. Hakuna haja ya kuiminya, kuinusa wala kuigeuza. Hakuagiza nyanya.

Kutoka hapo wafanyabiashara wakaingia. Mwaka 1989 ndugu wawili, Andrew na Thomas Parkinson, walianzisha Peapod huko Evanston, karibu na Chicago. Mteja aliagiza kwa kompyuta na waya wa simu, nao wakaenda supamaketi ya kawaida kumchukulia vitu kwenye rafu na kumpelekea. Miaka kumi baadaye akaja Louis Borders, aliyekwisha tajirika kwa maduka ya vitabu, na kampuni yake ya Webvan. Huyu hakutaka kuchukua vitu kwenye rafu za watu. Alijenga ghala kubwa mno huko Oakland, California, lenye mikanda inayotembea, na akaahidi kufikisha chakula mlangoni katika kipindi cha nusu saa anachochagua mteja. Mwaka huo wa 1999 Webvan ilifunga mkataba wa dola bilioni moja wa kujenga maghala mengine 26. Julai 2001 ilifilisika. Zaidi ya dola milioni 800 zilikuwa zimeyeyuka, na wafanyakazi wapatao 2,000 walijikuta nje.

Kwa nini? Wataalamu wametoa sababu nyingi, na mojawapo ni kukimbia kabla ya kusimama. Lakini ukiichimba utakuta ni ile kazi ya Saunders. Biashara ya vyakula ina faida nyembamba sana. Katika kila shilingi 100 unazolipa, duka hubaki na shilingi chache tu. Faida hiyo nyembamba iliwezekana kwa sababu wewe mteja ulitembea mwenyewe, ukachagua mwenyewe, ukabeba mwenyewe. Siku duka linapokuambia kaa nyumbani, tutakufanyia, kazi yote ile inalirudia. Lazima mtu alipwe atembee, atazame, achague, afunge, na mwingine alipwe asafirishe. Mteja naye amezoea kwamba kazi hiyo ni bure, hataki kuilipia. Basi nani atailipia?

Hapo ndipo maudhi yetu yanapozaliwa. Maduka mengi yaliona njia rahisi ni kuchukua vitu kwenye rafu zile zile za duka la kawaida. Mwajiriwa hupewa kifaa cha mkononi kinachomwambia nenda hapa, chukua hiki, haya kingine, na saa inamhesabu. Kompyuta inaamini kuna pakiti sita za dona, kwa sababu ndivyo ilivyoandikiwa asubuhi. Kumbe wateja waliokuja kwa miguu wamekwisha zichukua zote. Kijana wa watu anafika anakuta rafu tupu. Ana nukta chache za kuamua. Anaona hapa unga, pale unga, anachukua sembe. Kwake huo ni unga wa mahindi kwa unga wa mahindi. Hamjui mlaji, hana habari za kisukari, na hakuna aliyemlipa ili ajue. Vivyo hivyo anayepakia. Aliyelipwa kwa wingi wa mifuko hatapoteza muda kuulizana na nyanya kama ziko salama.

Wapo waliojaribu njia ya gharama kubwa. Uingereza kuna kampuni ya Ocado, iliyoanzishwa mwaka 2000, ambayo haikutegemea rafu za dukani. Ilijenga maghala yake yenyewe, na baadhi yake sasa yana roboti zinazokimbia juu ya makreti kama kunguru juu ya paa. Ghala la namna hiyo linajua hesabu yake vizuri zaidi, kwa hiyo mbadala hupungua. Lakini machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia na watu wakafungiwa majumbani, hata Ocado ilizidiwa ikalazimika kuwakataa wateja wapya. Waingereza walikesha hadi usiku wa manane wakisubiri nafasi ya kupelekewa chakula ifunguliwe kwenye kompyuta. Nilisoma habari zile nikakumbuka mawe yetu ya kwenye foleni. Ikabidi maduka yatenge nafasi kwa ajili ya wazee na wagonjwa, kwa sababu wale ambao mpango huu ulibuniwa kwa ajili yao mwaka 1984 walikuwa wamesukumwa nyuma ya mstari na wenye vidole vyepesi.

Na sheria je? Kule Ulaya mnunuzi wa mtandaoni ana siku 14 za kubadili mawazo na kurudisha alichonunua. Lakini haki hiyo haivihusu vitu vinavyoharibika upesi. Inaeleweka, maana nani atapokea samaki aliyezunguka mjini siku kumi? Ila maana yake ni kwamba katika chakula, kuliko katika nguo au viatu, yule anayechagua mwanzoni ndiye mwenye kila kitu mkononi. Akikosea yeye, kurekebisha ni vigumu.

Turudi nyumbani. Biashara hii kwetu ingali changa, na imekwisha zika watu. Jumia, kampuni kubwa ya mauzo ya mtandao barani Afrika, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na mwishoni mwa mwaka 2023 ikaachana na usafirishaji wa vyakula katika nchi zote ilikokuwa ikiufanya, Kenya ikiwamo. Moja ya matatizo ni lile la transfoma na mwarobaini. Mwaka 2022, kabla ya Sensa, tulifanya Operesheni Anwani za Makazi, nyumba zikapewa namba na mitaa ikawekewa vibao. Ni jambo jema. Lakini mpaka leo ukitaka mtu akufikie unamwambia teremka kwenye kituo, ulizia duka la Mangi.

Na huyu Mangi ndiye nataka tumtazame. Katika mji huu mwenye duka la kona huitwa Mangi hata kama kwao si Kilimanjaro. Mangi wa Mama Mkubwa hana tovuti. Ana simu, ana daftari la madeni, na ana kijana wa kutuma. Mama akipiga simu, "Mangi, niletee dona kilo mbili na sabuni," vitu vinafika kabla maji hayajachemka, na fedha zinakwenda kwa simu. Tukitazama vizuri, Mangi anafanya kile ambacho Webvan ilipoteza mamilioni kukijaribu. Tena ipo siku mama alimtuma mjukuu wa jirani soda, Mangi akamrudisha mtoto na ujumbe: "Mwambie bibi daktari alimkataza, na mimi nimemkataza." Mama alinuna siku nzima. Lakini nipeni kompyuta inayoweza kumkatalia mteja wake soda.

Msinielewe vibaya. Sikumfanya Mangi malaika. Bei yake iko juu, bidhaa zake ni chache, na mizani yake sijaipima. Wala sisemi maduka ya mtandao yafungwe. Kuna mama anayetoka kazini saa mbili usiku, kuna mlemavu asiyeweza kupanda ngazi za soko, kuna watoto wetu walioko Muscat, London na Toronto wanaotaka kuwatunza wazazi wao kutoka mbali. Kwa hao huduma hii ni neema. Ninachosema ni kwamba kuchagua ni kazi, kazi hiyo ina gharama, na asipoilipia mtu kwa uwazi, atailipia mlaji kwa siri.

Kwa hiyo nayaomba maduka haya mambo matatu. La kwanza, mkikosa kitu, pigeni simu muulize, au msilete kabisa na msichukue fedha yake. Mbadala usioulizwa si huduma. La pili, waacheni wapokeaji wafungue mzigo kijana akiwa bado mlangoni, na anayepokea awe na haki ya kukataa, hata kama aliyelipa yuko ng'ambo. La tatu, wekeni mtu. Mtu mmoja mwenye jina, anayepokea simu. Kama hayo yatapandisha gharama, semeni ni kiasi gani, nasi tuamue kulipa au kupanda daladala.

Nasi wanunuzi tuna la kwetu. Jioni ile, baada ya kumlaumu binti wa watu kwenye simu, nilimwuliza Mama Mkubwa ni vitu gani hasa angependa tumwagizie mara nyingine. Akanitazama. Akasema yeye angetaka mtama, dagaa wa Kigoma na nyanya chungu, na kwamba mtindi hajaupenda tangu ujana wake. Ikanijia kama kofi. Orodha ile tuliiandika mimi na mwanawe, kwa simu, bila kumwuliza. Watu wa kwanza kumchagulia bila kumjua hawakuwa watu wa duka. Tulikuwa sisi.

Sasa tumebadili utaratibu. Kila Jumamosi ndugu yangu anampigia mama simu kutoka Muscat, na mama anataja mwenyewe anachotaka. Vitu vya pakiti, sabuni na mafuta, vinaagizwa kwa mtandao, maana hivyo havina haja ya kuminywa. Unga na dagaa vinatoka kwa Mangi. Na nyanya huletwa hadi barazani na mama wa genge, kwenye beseni, Mama Mkubwa akiwa ameketi kwenye mkeka. Anazigeuza moja moja, anazikataa nne, anazichukua kumi, kisha anadai nyongeza. Ile sembe tulimpa jirani.